Je, Wajua? Normandy na Bahari Iliyovukwa Mara Mbili

Je, wajua kwamba picha ya vita iliyo mashuhuri kuliko zote za Ulaya ya zama za kati haikuchorwa, bali ilidariziwa kwa sindano? Ni kitambaa cha kitani cha mji wa Bayeux, katika mkoa wa Normandy, Ufaransa. Urefu wake unakaribia mita 70, upana wake ni nusu mita tu, na umri wake umepita miaka 900. Nyuzi zake za sufu zinasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari mwaka 1066, akamshinda Mfalme Harold huko Hastings na kukitwaa kiti cha enzi cha Uingereza. Ukikisogelea utaona mafundi wakikata miti ya kuundia merikebu, farasi wakishushwa ufukweni, kuku wakibanikwa kwenye mishikaki, na watu wakinyooshea vidole nyota yenye mkia. Nyota hiyo ni ile ya Halley, inayorudi kila baada ya miaka 76 hivi, na mwaka huo ilionekana kweli. Kwangu mimi, hao kuku na mashoka wana thamani kuliko mfalme yeyote aliyemo.

Kabla ya kufunga safari, jua kwamba makumbusho yake yalifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, na Ufaransa imekubali kitambaa kionyeshwe London kwa muda.

William mwenyewe alizikwa Caen, katika abasia aliyoijenga. Kaburi lake lilivunjwa katika vita vya kidini vya mwaka 1562, mifupa ikatawanywa, na mfupa mmoja wa paja ndio uliosalia. Lakini abasia hiyo ilikuja kuokoa wengi. Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mabomu yalipoteketeza sehemu kubwa ya Caen, maelfu ya wakazi walijibanza humo. Juu ya paa wakaweka alama za msalaba mwekundu ili marubani waiepuke. Jengo lilisalimika.

Je, wajua kwamba kanisa kuu la Rouen, mji ambamo Jeanne d'Arc, shujaa wa Ufaransa, alichomwa moto tarehe 30 Mei 1431, lina Mnara wa Siagi? Inasimuliwa kwamba sehemu ya gharama zake ililipwa na waumini walioruhusiwa kula siagi wakati wa Kwaresima. Kwa watu wa nchi ya ng'ombe wa maziwa, kuikosa siagi siku arobaini si jambo dogo.

Mont Saint-Michel ni kilima cha mwamba chenye abasia kileleni, katikati ya ghuba. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 14. Katika Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, Waingereza walikizingira kilima hicho wasikiteke.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, parachuti ya askari wa Marekani, John Steele, ilinasa kwenye mnara wa kanisa la Sainte-Mère-Église. Alining'inia hapo kwa saa kadhaa akijifanya maiti. Hadi leo sanamu yake inaning'inia juu ya kanisa hilo. Asubuhi ile wanajeshi wa Washirika walianza kushuka kwenye fukwe tano, na siku zilizofuata bandari nzima ya vipande vya zege ikakokotwa kutoka Uingereza hadi Arromanches. Mabaki yake yangali baharini.

Maliza safari yako Bayeux, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, ambako wamelazwa pia Wajerumani zaidi ya 400. Ng'ambo ya barabara kuna mnara wenye majina zaidi ya 1,800 ya wasio na makaburi yanayojulikana. Juu yake yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana hii: sisi tulioshindwa na William tumeikomboa nchi ya aliyetushinda.