Mpini Mnene, Fimbo ya Kimo Chako: Vifaa vya Bei Nafuu kwa Mikono na Magoti Yanayouma

Mgonjwa mwenye maumivu ya viungo anapofika kliniki huulizwa maswali yaleyale: maumivu yalianza lini, yako wapi, huzidi wakati gani, ametumia dawa zipi. Ni maswali ya lazima. Lipo jingine ambalo mara nyingi halipati nafasi, nalo kwa maoni yangu hufunua mengi kuliko picha ya eksirei: ni kazi gani ya nyumbani ambayo umeiacha? Majibu huja bila kusita. Mmoja ameacha kukuna nazi. Mwingine hawezi kufungua chupa ya dawa tunayomwandikia kila mwezi. Mzee wa kiume hutazama chini kidogo, kisha husema kwamba ameacha kunywa chai ya jioni, na ukimdadisi utatambua kuwa chai haina kosa. Tatizo ni choo, usiku, na magoti yasiyokubali tena kuchuchumaa.

Dawa hutuliza maumivu, lakini haziondoi mzigo unaokielemea kiungo. Mzigo huo hubadilika kulingana na umbo la kifaa tunachokitumia: unene wa mpini, urefu wa fimbo, kimo cha kiti. Vifaa vinavyozungumziwa katika makala haya vingi havihitaji duka la vifaa vya hospitali. Fundi seremala, fundi baiskeli na fundi viatu wa mtaani wanaweza kuvitengeneza. Wala si vifaa vya kudharauliwa kitaalamu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, fimbo za kutembelea, visanduku vya kupangia vidonge, viti vya chooni na vyuma vya kushikilia ukutani viliwekwa pamoja na viti vya magurudumu na mashine za kusaidia usikivu. Ripoti ya shirika hilo na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha aina hiyo, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wenye mahitaji wanaovipata.

Tuanze na mkono, na hasa dole gumba. Kiungo kilichoko kwenye kitako chake, karibu na kifundo cha mkono, ni miongoni mwa viungo ambavyo gegedu yake hulika mapema, zaidi kwa wanawake waliovuka umri wa kukoma hedhi. Kwa nini pale? Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, William Cooney na Edmund Chao, walichapisha mahesabu yao ya nguvu zinazopita katika dole gumba. Waliona kwamba mtu anapobana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwa ncha za vidole, kiungo kile cha kitakoni hupokea mgandamizo wa takriban kilo 12. Basi fikiria kisu chenye mpini mwembamba, ufunguo mgumu katika kitasa cha zamani, au nguo nzito inayokamuliwa. Ncha za vidole hubana kidogo. Kitako cha dole gumba hulipa mara kumi na mbili.

Mpini mnene hupunguza deni hilo. Kiganja kizima hushiriki kushika, vidole havilazimiki kukunjwa hadi mwisho, na nguvu husambaa badala ya kurundikana mahali pamoja. Kwa watu wazima wengi, mpini wa duara wenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 hufaa. Kipimo kingine ni mkono wenyewe: ukishika, ncha za vidole zikaribie dole gumba bila kuchoma kiganja. Mpini ukiwa mnene kupita kiasi, mkono mdogo huchoka upya kwa sababu nyingine.

Ushahidi wa jambo hili umo hata katika historia ya biashara. Mwaka 1990 kampuni ya OXO ya Marekani iliingiza sokoni kifaa cha kumenyea chenye mpini mnene wa mpira laini. Mwanzilishi wake, Sam Farber, alipata wazo hilo kwa kumwona mkewe Betsey, aliyekuwa na ugonjwa wa viungo vya mikono, akitaabika kumenya matunda. Kilichokusudiwa kwa mikono inayouma kikanunuliwa kwa wingi na watu wenye mikono mizima, maana hakuna mkono unaochukia kushika kitu vizuri.

Nyumbani hatuhitaji kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo fundi wengi hukupa bure, uikate ukanda wenye upana wa sentimita 2 au 3, kisha uuzungushe kwa kuuvuta kwenye mpini wa kijiko, mwiko au kisu hadi upate unene unaokufaa. Mpira wa kushikia wa usukani wa baiskeli pia huingia vizuri kwenye mipini mingi. Angalizo moja la kidaktari: mabaki ya chakula hujificha chini ya mpira. Ufunue na kuosha mpini mara kwa mara, uuache ukauke, na ukanda ukianza kunata au kupasuka, uutupe. Kwenye kisu, mpira uishie mbali na makali.

Tyubu hiyohiyo ina kazi nyingine. Kipande chake cha ukubwa wa kiganja, kikiwekwa juu ya kifuniko cha chupa, huzuia utelezi, na kifuniko hufunguka kwa kukisukuma kwa kiganja badala ya kukibana kwa vidole. Kitambaa chenye unyevunyevu chini ya bakuli hulizuia lisizunguke wakati wa kukanda unga. Aliyepooza mkono mmoja kwa kiharusi hunufaika na ubao wa kukatia uliopigiliwa misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikitazama juu: kitunguu au kiazi huchomekwa hapo, na mkono mmoja ukafanya kazi iliyokuwa ya miwili. Ubao huo usiachwe mezani bila kufunikwa, hasa penye watoto. Sufuria ya maji ya moto isinyanyuliwe kumwagwa. Ni salama zaidi kuchota kwa upawa, na maji ya matumizi yakae katika ndoo yenye koki juu ya stuli, kwa kuwa dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 hata kabla ya kuhesabu dumu lenyewe.

Ama mbuzi ya kukunia nazi, huyu ana lawama mbili. Humkalisha mtu chini sana, magoti yakakunjwa kupindukia, na humlazimisha kugeuza kifundo cha mkono mamia ya mara. Seremala anaweza kuufunga ulimi wa mbuzi kwenye benchi la kimo cha kiti cha kawaida, bakuli likawekwa juu ya kigoda mbele yake. Magoti yatashukuru. Kifundo cha mkono hakitaona tofauti kubwa, na mwenye baridi yabisi iliyochachamaa afadhali akuniwe sokoni kwa mashine. Ufagio wa njiti nao hufungwa kwenye mpini mrefu, mfagiaji akasimama wima. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kushangaa kwamba bado tunawainamisha mama zetu alfajiri kwa ajili ya kijiti cha mita moja.

Fimbo ya kutembelea inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi wanayo na wachache wanaitumia ipasavyo. Kosa la kwanza ni mkono. Watu huishika upande wa mguu unaouma, wakidhani inauegemeza. Inatakiwa mkono wa upande wa pili. Tunapotembea, mkono wa kushoto huenda pamoja na mguu wa kulia. Fimbo ikiwa mkono wa kushoto hutua ardhini wakati uleule mguu mbovu wa kulia unapokanyaga, na hupokea sehemu ya uzito ambao nyonga na goti vingebeba peke yao. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka ukiandamana na fimbo.

Kosa la pili ni urefu. Simama wima ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili utakapoishika kiwiko kikunjike kidogo. Fimbo ndefu hupandisha bega na kuuchosha mgongo. Fupi humwinamisha mtu. Fimbo ya mti hukatwa kwa msumeno kwa dakika mbili, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvumilia fimbo ya kimo cha marehemu babu. Kosa la tatu liko chini, kwenye ncha. Mti mtupu huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyolowa au vigae. Anayeshona makatambuga anaweza kukata kofia ya mpira wa tairi na kuikaza vizuri, na ibadilishwe inapolainika kwa kuchakaa. Mwavuli si fimbo. Ncha yake huteleza, na kiungo chake hukunjika siku utakayouhitaji kuliko siku zote.

Wapo wanaoikataa fimbo kwa kuona ni tangazo la uzee. Katika mwambao wetu bakora imekuwa pambo la mtu wa heshima kwa vizazi vingi, naye huishika akiwa na afya kamili. Mzee anayeona haya mkongojo wa hospitali huenda akaipokea bakora nzuri kwa furaha, mradi iwe na kimo chake na mpira chini.

Sasa turudi kwa yule aliyeacha chai. Kuchuchumaa hukunja goti hadi mwisho wake, na kuinuka kutoka hapo huliwekea goti mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mwenye magoti yaliyolika hujihami kwa njia anayoiweza: hupunguza kula na kunywa ili asiende. Matokeo yake ni choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, kizunguzungu cha upungufu wa maji, na usiku mmoja, kuanguka. Kwa mzee mwenye mifupa iliyopungua uimara, anguko moja linaweza kuvunja shingo ya mfupa wa paja, na wengi waliovunjika hapo hawarudii tena mwendo waliokuwa nao.

Kiti chenye tundu, kinachowekwa juu ya shimo la choo, hukata mnyororo huo mwanzoni kabisa. Seremala hukitengeneza kwa mbao ngumu, au mchomeleaji kwa mabomba ya chuma, kikiwa na mikono ya kushikilia na miguu iliyotanuka kidogo kwa nje. Wengine hutoboa kiti cha plastiki. Sikipendekezi kwa mtu mzito, na kwa yeyote tundu liwe la duara, kwani kona kali ndipo mpasuko huanzia. Ukutani kiwekwe chuma kilichofungwa kwa skrubu ndefu ndani ya tofali. Kitasa cha mlango, bomba la maji na kamba ya kuanikia vitang'oka siku mtu atakapoteleza na kuvishika kwa uzito wake wote. Taa ndogo ya sola njiani humalizia kazi hiyo.

Kuhusu dawa niseme machache. Kutoa kidonge kwenye pakiti ngumu ni kazi ya dole gumba, na mgonjwa asiyeiweza huruka dozi bila kumwambia mtu. Kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma, humwezesha mjukuu kupanga vidonge vya wiki nzima Jumapili. Muulizeni mfamasia kwanza, maana baadhi ya dawa huharibika zikitolewa katika kifungashio chake, mathalani zile za moyo zinazowekwa chini ya ulimi. Kisanduku kikae mbali na watoto.

Hakuna mpini unaotibu ugonjwa usiojulikana. Viungo vya mikono yote miwili vikivimba, vikiwa vigumu kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huenda ni baridi yabisi, na dawa zake huokoa viungo zikianza mapema. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto, pamoja na homa, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mkono uliolegea ghafla, mdomo ukienda upande au maneno yakigoma, ni kiharusi hadi ithibitike vinginevyo, na hapo kila dakika ina thamani.

Tuna upungufu wa wataalamu wanaomfundisha mgonjwa namna ya kuzifanya upya kazi zake za kila siku, ingawa KCMC kule Moshi kuna chuo kinachowaandaa. Mpaka watakapotosha, mletee daktari au mfiziotherapia wako kifaa chenyewe: mwiko unaokutesa, fimbo unayoishika, hata picha ya choo kwenye simu. Na kwa kiti, cha chooni au cha sebuleni, nenda kwa seremala na uzi. Simama ukiwa umevaa malapa unayovaa ndani, mwenzako apime kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti, aongeze upana wa vidole vitatu, afunge fundo hapo. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Ukikaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Zisipogusa, mwambie apunguze.