Mkoko, Mchu na Mkomafi: Lugha ya Bayolojia kwa Mkurufunzi wa Shanzu

Makala haya yanafafanua uhusiano wa bayolojia na Kiswahili katika mafunzo ya walimu, kwa mifano ya Kisauni na Changamwe, sehemu za Mombasa zilizo nje ya kisiwa.

Katika vyuo vidogo vya Marekani vinavyofuata elimu ya jumla, mwanafunzi wa bayolojia husoma pia lugha na fasihi. Nchini Kenya, asomaye sayansi chuo kikuu kwa kawaida huachana na fasihi atokapo sekondari. Chuo kinachokaribia mfano huo upande wa Kisauni ni Chuo cha Walimu cha Shanzu. Mwalimu wa shule ya msingi huandaliwa kufundisha masomo mengi, hivyo mkurufunzi yuleyule hujifunza sayansi na Kiswahili. Kuanzia mwaka 2021, mafunzo hayo yamekuwa ya stashahada ya miaka 3 badala ya cheti cha miaka 2.

Sera ya lugha humweka mkurufunzi huyu njia panda. Gredi 1 hadi 3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, ambayo Mombasa mjini ni Kiswahili. Kuanzia gredi ya 4, sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mkoko unapoalika maua. Mtoto wa Mikindani (mtaa uliokuwa katika eneo bunge la Changamwe kabla ya Jomvu kuwa eneo bunge mwaka 2013) amekulia kando ya hori la Tudor. Anaifahamu miti ya ufukweni kwa majina yake: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Akifika gredi ya 4, miti yote hiyo hukusanywa chini ya neno moja la kigeni.

Majina hayo yamebeba maarifa. Mlilana huota mbele, panapopigwa na maji. Mkandaa hupenda nyuma, palipo pakavu zaidi. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu yake huchipuka ingali mtini. Mchu hutoa ncha za mizizi juu ya tope ili kupata hewa. Kuhusu chumvi, mkoko huizuia mizizini, ilhali mchu huiruhusu kuingia, kisha huitoa kupitia majani. Mtoto aliyewahi kulamba jani la mchu anaujua ukweli huo kwa ulimi. Anachokosa ni maelezo tu.

Hata hivyo, si haki kuyatukuza majina ya wenyeji kana kwamba yanatosha. Neno mkoko hutumiwa kwa mti mmoja mahususi, na pia kwa miti yote ya aina hiyo. Msingi wa matumizi haya mapana ni mahali miti inapoota. Mwanabayolojia huangalia nasaba. Kwake yeye, mkoko, mkandaa na muia ni ndugu wa familia moja. Mchu ni wa familia nyingine kabisa. Na mkomafi, ajabu iliyoje, ni jamaa ya mwarobaini uliopandwa uani! Mkurufunzi anayezifahamu njia zote mbili za kuainisha anaweza kulifanya tofauti hiyo somo. Anayeifahamu moja tu atamsahihisha mtoto ambaye hajakosea.

Kuhusu istilahi, kisingizio cha kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi hakina mashiko. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 imekuwa sehemu ya TATAKI, ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Istilahi kama usanisinuru hujieleza yenyewe: usanisi ni uundaji wa kitu kwa kuunganisha vijenzi vyake, na nuru ndiyo inayouwezesha. Tatizo ni mazoea. Hata jina la taaluma halijatulia: biolojia, bayolojia, elimuviumbe.

Bamburi, katika njia ya kutoka Shanzu kwenda mjini, pana somo lisilohitaji maabara. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni 3 tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo, kwa kuwa mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Jongoo ndiye aliyelimaliza tatizo: aliyala, kinyesi chake kikawa chakula cha bakteria, na udongo ukaanza kujengeka. Mvinje, jongoo, kinyesi, udongo: mwalimu wa gredi ya 3 anaweza kulisimulia somo hilo zima kwa maneno ambayo watoto wamekuja nayo kutoka nyumbani.