Je, Mwenye Huruma Hujitafutia Raha Yake?

Katika karne ya 17, mwanafalsafa Thomas Hobbes alimpa sadaka mzee fukara katika barabara ya Strand, mjini London, na kasisi mmoja alipomwuliza kama angalitoa lau Masihi hakuamrisha, alijibu, kama alivyosimulia sahibu yake John Aubrey, kwamba dhiki ya yule mzee ilimtia uchungu, na sadaka ile iliwapunguzia mashaka wote wawili. Jawabu hilo limewatosha wengi kuhukumu kuwa hapana hisani isiyokuwa na faida ya mtendaji. Mimi halinitoshi, kwa kuwa raha kuja baada ya tendo si hoja ya kwamba raha hiyo ndiyo iliyokusudiwa.

Njia ya kuipambanua nia ya kujitafutia raha na nia ya kumfaa mwenzio aliibuni mwanasaikolojia C. Daniel Batson wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, ambaye mwaka 1981, pamoja na wenziwe, aliwaonyesha wanafunzi wa kike 44 picha za msichana aliyeitwa Elaine, akidhaniwa kupigwa na umeme mara kwa mara (umeme wenyewe haukuwapo, ila hawakujua), kisha wakaulizwa kama wangeridhia kuchukua nafasi yake. Baadhi yao walikuwa na ruhusa ya kuacha kutazama baada ya duru mbili za mapigo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo, maana mwenye kuikimbia dhiki ya nafsi yake tu, akifunguliwa mlango, huenda zake. Hivyo ndivyo walivyofanya walioambiwa kuwa tabia za Elaine ni tofauti na zao, kwani 2 tu kati ya 11 walimsaidia. Bali walioambiwa kuwa wanafanana naye, jambo lililokusudiwa kuwazidishia huruma, 10 kati ya 11 waliiacha ruhusa ile, wakataka wapigwe wao.

Mwanasaikolojia Robert Cialdini alipinga, akisema kwamba mwenye huzuni husaidia ili ajitibu mwenyewe. Mimi naegemea upande wa Batson, na kinachonishughulisha zaidi ni uchunguzi wake wa mwaka 1995, ambapo watu walisikilizishwa sauti ya mtoto mgonjwa (naye wa kubuniwa, ila hawakujua) aliyekuwa akingoja zamu ya msaada, na wale walioombwa wazihisi hisia zake, wengi wao walimpandisha mbele ya watoto waliokuwa na haja kubwa zaidi. Naamini walimtakia kheri kwa ikhlasi, pasi na kujitakia wao. Na hao wengine waliosukumwa nyuma walikosa zamu yao kwa sababu hapana aliyezisikia sauti zao.