Maombi, dua na vidonge vya ARV

Kumtegemea Mungu wakati wa dhiki ni kumwachia yeye matokeo huku mja akiendelea na wajibu ulio mikononi mwake. Wakristo na Waislamu wa Afrika Mashariki wamefundishwa hivyo tangu madrasa na shule ya Jumapili, na katika mambo mengi fundisho hilo halimsumbui mtu. Mkulima huomba mvua akiwa ameshalima. Ugumu huanza pale dhiki inapokuwa ugonjwa wa kudumu, hasa VVU, na ndipo huzuka swali ambalo wauguzi wa CTC, kliniki za tiba na matunzo ya wenye VVU, wamelisikia mpaka limewachosha: mtu akishaombewa, kuendelea kumeza ARV, dawa za kufubaza VVU, si kukosa imani?

Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo wake. Linachukulia kwamba maombi na dawa ni wake wenza wanaogombea zamu, kwa hiyo anayempa mmoja amemnyima mwingine. Ajabu ni kwamba linaulizwa kwa baadhi ya magonjwa tu. Hakuna anayeambiwa avue miwani ili kuonyesha imani, na mtumishi wa Mungu anayetangaza mwisho wa ARV hupeleka gari lake kwa fundi breki zikianza kulia.

Kinacholipa swali hilo nguvu ni karatasi moja. Mgonjwa aliyemeza dawa vizuri kwa miezi kadhaa hupimwa wingi wa virusi: damu huchukuliwa, na maabara huhesabu nakala za virusi katika kila mililita. Nakala zikipungua kuliko kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma, majibu huandikwa kwamba virusi havikuonekana. Karatasi hiyo ndiyo hupandishwa madhabahuni na kusomwa kwenye kipaza sauti, umati ukashangilia uponyaji. Majibu ni ya kweli kabisa. Tafsiri ndiyo ya uongo.

Mchanganyiko wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir, unaotumiwa na wagonjwa wengi siku hizi kwa kidonge kimoja kwa siku, huzuia virusi kujinakili na kujipachika katika chembe mpya za kinga. Hauving'oi vile vilivyokwisha kujipachika ndani ya vinasaba vya chembe za kinga za CD4 zilizolala. Hivyo hubaki kimya, na dawa ikiachwa huamka. Kwa watu wengi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4. Mwili hautoi taarifa. Mtu hula, hulala, hufanya kazi, hata hunenepa. Hapo ndipo ushuhuda unapopata umri mrefu kuliko unavyostahili: hutolewa wiki ile ya shangwe, wakati kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi huja miezi au miaka baadaye, na mgonjwa harudishwi madhabahuni kueleza sehemu ya pili. Katikati yupo pia mwenzi wake. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwa sababu ya dawa hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akiacha dawa, kinga hiyo ya mwenzi nayo inaondoka, mara nyingi bila mwenzi kujua.

Wapo wanaojibu kwamba walipimwa upya kwa kipimo cha haraka kikaonyesha hawana VVU. Kipimo hicho hutafuta askari wa mwili wanaopambana na virusi, hakitafuti virusi vyenyewe. Dawa ikishavifubaza kwa muda mrefu, askari hao wanaweza kupungua hadi kipimo kikashindwa kuwaona. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri mtu anayemeza ARV apimwe upya kwa njia hiyo. Anayempeleka mgonjwa wa namna hii kupima ili apate ushahidi wa muujiza anatafuta jibu la makosa, na wakati mwingine hulipata.

Tanzania ilikwisha kulipia somo hili. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Bei yenyewe haikuwa ya kitapeli, wala nia ya mzee haihitaji kuhukumiwa hapa. Madhara yaliwapata wale walioacha ARV baada ya kunywa, wakiamini kwamba kurudi kliniki kungefuta walichopokea.

Maandiko hayawaungi mkono. Hezekia, mfalme wa Yuda, aliugua karibu kufa, akaomba kwa machozi, akaahidiwa miaka 15 zaidi. Ahadi ilikwisha kutolewa. Hata hivyo, Isaya aliagiza mkate wa tini uletwe na uwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Wenye ukoma waliotakaswa na Yesu walitumwa wakajionyeshe kwa kuhani, ambaye kwa sheria ya Musa ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi. Hawakuambiwa wajitangaze wazima kwa neno lao wenyewe. Na Shetani alipomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikuwa akinukuu zaburi ya kutumainia ulinzi wa Mungu. Yesu alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu.

Kwa Waislamu jibu ni la zamani vilevile. Khalifa Umar bin Khattab alifika Sargh, njiani kuelekea Sham, akapata habari kwamba tauni imezuka huko. Baada ya kushauriana na masahaba aliamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampa mfano wa mchungaji wa ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Abu Ubaida mwenyewe alifariki kwa tauni ile, na hakuna mwanachuoni aliyesema imani yake ilikuwa haba. Wanaowaambia wagonjwa kwamba hawaponi kwa sababu hawaamini vya kutosha hawana cha kujibu hapa. Hawana cha kujibu hata kwa Ayubu, ambaye rafiki zake walimsomea mashtaka kwa sura nyingi, na mwishowe ghadhabu ya Mungu ikawawakia wao.

Ya kufanya ni machache. Aliyeacha dawa arudi kliniki leo, aseme wazi ameacha tangu lini, apimwe upya. Asianze na vidonge vya kuazima kwa jirani. Anayeamini amepona aombe kipimo cha wingi wa virusi akiwa bado anameza, na uamuzi wa dawa ubaki kwa mtaalamu. Anayemeza kidonge kimoja kwa siku na anataka kufunga Ramadhani aulize kliniki kuhusu kuhamishia dozi baada ya futari. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia hupunguza nguvu ya dolutegravir, hivyo vitajwe. Maji ya upako na kombe navyo vitajwe bila aibu, ili ijulikane kama kuna mitishamba ndani yake. Mjamzito anayemeza ARV asikose hata dozi moja. Mchungaji au shehe anayetaka kusaidia anaweza kumsindikiza mgonjwa siku ya kliniki, amwombee kwenye benchi, kisha amsubiri mpaka atoke na mfuko wa dawa.