Hesabu za Uhalifu: Tuzisome Vipi, Tuziombe Wapi?

Ng'ombe mmoja akiibwa Chwele usiku, kufika saa nne asubuhi watu wa Kimilili wanasema wameibwa kumi. Habari ya midomo ina miguu mirefu. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2013, magenge yenye mapanga yaliposhambulia vijiji vya Bungoma na Busia na kuua watu. Wakati kama ule kila mtu huuliza: ni wapi, ni wangapi, ni saa ngapi? Asiyepata jibu la kweli hushika uvumi, na uvumi waweza kumfanya mpita njia asiye na hatia apigwe na umati. Ndiyo maana hesabu za polisi si jambo la wakubwa peke yao.

Hesabu hizi hutoka wapi?

Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Ukipiga ripoti inaandikwa humo, nawe unapewa namba yake. Hulipi kitu. Vituo hupeleka hesabu zao juu mpaka makao makuu Nairobi. Baadaye Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huzichapisha katika kitabu chake cha kila mwaka cha hali ya uchumi, zikiwa zimepangwa kwa aina ya makosa na pia kwa kaunti. Kitabu hicho kiko kwenye intaneti na husomwa bure. Kijana wa kikundi mwenye simu anaweza kukifungua na kuwasomea wazee.

Lakini hesabu ya kaunti nzima haikuambii kama wizi uko Webuye au Sirisia. Huko Uingereza, tangu mwaka 2011 polisi huweka kwenye intaneti ramani ya makosa mtaa kwa mtaa. Hata hivyo hawaonyeshi nyumba yenyewe, ili aliyeumizwa asiaibishwe. Hilo ni funzo kwetu: hesabu iwe wazi, jina la mtu lifichwe.

Tusidanganywe na namba

Mwaka 2019 polisi wa Kenya waliandika makosa 93,411. Mwaka 2020 yakashuka hadi 69,645, na mwaka 2021 yakapanda tena hadi 81,272. Je, wezi waliokoka mwaka 2020? Hapana. Ulikuwa mwaka wa korona, baa zilifungwa na usiku ilikuwa kafyu. Tena, hesabu hii ni ya makosa yaliyoripotiwa tu. Kuku aliyeibwa ukanyamaza hayumo. Mama aliyepigwa nyumbani, mambo yakamalizwa na wazee chini ya mti, naye hayumo.

Kwa hiyo hesabu ikipanda, uliza kwanza: uhalifu umezidi, au watu wameanza kuamini kituo na kuripoti? Na ukilinganisha lokesheni mbili, angalia wingi wa watu. Tuseme moja ina watu 5,000 na wizi 10, nyingine ina watu 20,000 na wizi 20. Ya pili ina wizi mwingi, lakini kwa kila watu 1,000 ya kwanza ina wizi 2 na ya pili ina 1 tu. Mwenye hatari zaidi ni yule wa kwanza.

Tukitaka hesabu za kwetu

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaeleza njia yake:

1. Andikeni barua, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika asaidiwe na ofisa.
2. Semeni wazi mnachotaka, kwa mfano: "Wizi wa mifugo ulioripotiwa kituoni, mwezi kwa mwezi, mwaka uliopita." Msiombe majina.
3. Hamlazimiki kutoa sababu. Kuomba ni bure, ila mnaweza kulipia gharama ya kutoa nakala.
4. Jibu litoke kwa siku 21. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.
5. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman.

Polisi wanaweza kukataa habari itakayoharibu upelelezi au kuhatarisha usalama. Hiyo ni haki yao. Lakini idadi ya ng'ombe walioibwa mwaka jana haimpi mwizi faida yoyote.

Sheria ya polisi ya mwaka 2011 pia inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi chini ya gavana, inayofuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa unaowagusa wanawake na watoto. Inataka pia kamati za polisi na wananchi. Kikundi chenye hesabu mkononi husikilizwa huko kuliko kikundi chenye manung'uniko tu. Mkionyesha kwamba mifugo huibwa zaidi mwezi wa Desemba, ni rahisi kumwomba OCS doria ya mwezi huo, na kikundi kujua lini cha kulinda zizi kwa zamu.

Ya kujadiliana kikundini

- Ni makosa gani hapa kwetu hayafiki kituoni, na kwa nini?
- Ni nani atakayeandika barua, na ni nani atakayefuatilia zile siku 21?
- Tukipata hesabu, tutazisoma wapi ili kila mtu asikie: barazani, sokoni, au baada ya ibada?