Juu ya nini wimbo unakuliza? Vile ubongo unapokea muziki

Redio inapiga wimbo wa zamani, na mbele hata muimbaji afungue kinywa, mwili umeshajua. Nywele za mikono zinasimama, moyo unapiga mbio, wengine machozi yanatoka. Hakuna mutu amekugusa. Basi nini imetokea?

Sikio linageuza sauti kuwa alama ndogo za umeme, zinapanda mpaka mu ubongo. Kule haziendi mahali pamoja tu. Sehemu moja inafuata mapigo ya ngoma, ingine inatafuta kumbukumbu, na ingine, ndogo sawa mbegu ya haragi, inapima kama kuna hatari.

Katika mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha McGill, mjini Montréal, Kanada, walionyesha jambo la kushangaza. Waliita watu wenye kusisimuka sana na muziki, kila mutu akaleta nyimbo anazozipenda mwenyewe. Mashine zikaonyesha kwamba ubongo wao unatoa dopamini, kemikali ile ile inayotoka mutu mwenye njaa akipata chakula kitamu. Lakini ilianza kutoka mbele kipande wanachokipenda kifike! Ubongo ulikuwa unangojea. Mupenzi wa rumba haitaji mashine ili aelewe hii: muimbaji anatulia, gita zinabadilika, unajua kabisa sebene inakuja. Ule muda wa kungojea, wenyewe ni utamu.

Sasa, je, furaha na huzuni viko ndani ya wimbo wenyewe? Jibu moja lilitoka kwa jirani zetu, mu msitu wa kaskazini mwa Kongo-Brazzaville. Watafiti walisikilizisha vipande 19 vya muziki watu 40 wa Mbenzele, wenyeji wa ule msitu, na Wakanada 40 wa Montréal. Vipande 11 vilikuwa vya Magharibi, vingine vya kwaya za Mbenzele wenyewe. Walipima moyo, pumzi na jasho la mikono. Matokeo, yaliyotoka 2015, ni kwamba muziki wa mbio uliamusha miili pande zote mbili. Lakini walipoulizwa kama wanajisikia vizuri ao vibaya, hawakupatana. Muziki uliotungwa ili kutisha watu mu filamu haukuwapa Mbenzele ubaya ule Wakanada walisikia. Kwa Mbenzele, muziki ni wa kufukuza hasira na woga, hata kwenye kifo wanaimba ili kutuliza wafiwa.

Kwa hiyo kasi ya wimbo inagusa mwili wa kila mutu, lakini maana yake unaipata pale ulikomalia, na mu yale uliyopitia.

Kwetu hapa mashariki, hii si habari ya maabara tu. Kuna mutu alikimbia kijiji siku wimbo fulani ulikuwa unapigwa kwa jirani. Ubongo ulifunga vile vitu viwili pamoja: wimbo na risasi. Miaka inapita, wimbo unapigwa kwenye harusi, na mama wa watu anaanza kutetemeka. Wengine watasema ana pepo, wengine kwamba anajifanya. Mimi naona ni kumuonea. Ile sehemu ndogo ya ubongo inatoa alarme sawa siku ile, yeye hajachagua.

Ukiwa karibu, zimisha ao badilisha wimbo bila kelele, mutoe pembeni, muongeleshe kwa sauti ya polepole, mukumbushe yuko wapi leo na yuko pamoja na nani. Usimulazimishe asikilize «mpaka azoee». Kama hali inarudi kila mara, halali usiku, anakwepa watu, mupeleke kwenye kituo cha afya na uulize kama kuna musaidizi wa kisaikolojia. Na kwa watoto ni vilevile: mutoto anayeziba masikio ngoma ikianza, muulize kwanza, usimuchape.