Leptis Magna, bandari iliyokimbiwa na bahari

Kiasi cha kilomita 130 mashariki ya Tripoli, jirani na mji wa Khoms nchini Libya, kuna gati la mawe linalotazama majani na tope. Ngazi za mabaharia zipo. Mawe yenye matundu ya kufungia kamba za meli yapo. Maji ndiyo hayapo.

Leptis Magna ilianzishwa na Wafoinike, ikatajirika kwa mafuta ya zeituni. Julius Caesar alipouadhibu mji huu kwa kuwaunga mkono mahasimu wake, aliutoza ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka. Maskini hatozwi hivyo! Tajiri mmojawapo, Annobal Tapapius Rufus, aliujengea uwanja wa maigizo, akaandikisha jina lake kwa Kilatini na kwa Kipuniki, lugha ya wazee wake.

Kisha mwana wa mji akawa kaisari. Septimius Severus, mzaliwa wa hapa, aliitawala Roma kuanzia mwaka 193 mpaka alipofariki York, Uingereza, mwaka 211. Kwao hakukusahau. Alileta marumaru kutoka ng'ambo na matale mekundu ya Misri, akajenga uwanja mpya wa mji, akapanua bandari na kuisimamishia mnara wa taa.

Upanuzi huo ndio unaoniuma. Bandari ilikaa kwenye mlango wa Wadi Lebda, korongo linalokauka miezi mingi kisha likafurika ghafla. Kuta za kukinga mawimbi zilizuia mikondo ya bahari iliyokuwa ikiondoa mchanga. Korongo lenyewe lilizibwa kwa bwawa huko juu. Bwawa lilipokosa wa kulitunza, tope likashuka hadi gatini. Kamba hazikuyala sana yale matundu ya mawe, maana bandari ile kubwa haikupata meli za kutosha wala miaka ya kutosha.

Mchanga ukaufunika mji, nao ukasalimika kuliko mingi ya wakati wake, isipokuwa pale mikono ya watu ilipofika. Kati ya 1816 na 1818 nguzo zake zilisafirishwa hadi Uingereza. Leo zimesimamishwa kando ya ziwa la Virginia Water, karibu na Windsor, zikipamba bustani ya kifalme kama magofu ya kubuni. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2016 ikautaja miongoni mwa ulio hatarini. Nguzo zile zirudishwe Libya.